Siku Niliyobebwa Mabegani Dundori

Aibu hii nimeificha kwa wengi, lakini nyinyi ni watu wangu na chai bado ipo, basi kaeni niwaambie jinsi wanaume wa Nakuru walivyonibeba mabegani nikiwa mzima, macho wazi, nasikia kila neno.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kabla ya mambo ya kafyu ya mkoloni. Nilikuwa fundi wa turubai pale mtaani Bondeni na, bila kujisifu (haya, kwa kujisifu kidogo), mji mzima haukuwa na mkono ulioshona kama wangu. Nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Athmani, baba yake Zuhura, na miezi ikapita mzee hasemi ndiyo, hasemi hapana, tukikutana msikitini anaitikia salamu huku anaangalia viatu vyake. Sasa mwenye duka mmoja wa Dundori, kule milimani, akatualika maulidi, sisi vijana tutangulie siku moja kupasua kuni msituni, wazee waje kesho yake kwa lori. Nikajiambia, huko ndiko Mzee Athmani atajua mimi ni nani.

Wenzangu walibeba hema. Mimi nikasema hema ni ya watu wasio na ufundi, nikashona machela, kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inia, kwa marekani nyeupe mpya, mshono mara mbili, na kingoni nikatoboa matundu ya kamba ili ukishaingia ufungwe juu kama mdomo wa gunia, baridi ikose pa kupita. (Marekani nyeupe, ndiyo, ile ile ya sanda. Sikufikiri.) Nikaifunga kwenye mti mrefu wa mwerezi uliokatwa, huo mti nikaulaza juu ya panda za miti miwili, nikaingia, na rafiki yangu Juma akanifunga kuanzia miguuni hadi usoni, akaniachia tundu la pua tu.

Usingizi ulikuwa mtamu, hilo sikatai. Lakini asubuhi ukungu ulikuwa umelowesha kila kitu, kamba zimevimba, mafundo yamekaza, mgongo wangu umekufa ganzi, na Juma anavuta huku na huku hakuna kinachofunguka.

"Nikate?" akauliza.

"Ukiigusa kwa kisu, mimi na wewe basi. Mzee lazima aione ikiwa nzima. Nipelekeni dukani kwa mwenyeji wetu, kuna sindano ya magunia, mtalegeza polepole."

Wakaunyanyua ule mti, Juma mbele, mwenzetu Saidi nyuma, tukashika barabara.

Mnajua desturi yetu. Ukikutana na jeneza njiani, huanzi kuuliza marehemu ni nani, unaweka bega, unabeba hatua chache, unampisha mwingine. Na kule milimani watu walidhani tumekosa jeneza tu, tumefanya tulivyoweza. Wa kwanza akaacha baiskeli yake akaja kuweka bega, wa pili akafuata, halafu lori likatokea kutoka Nakuru na wazee wote wakashuka mbio. Juma alikuwa ameinamisha kichwa kwa kicheko, mabega yanamtetemeka, watu wakawa wanampa pole. Mimi nilipiga kelele, lakini kitambaa kiko mdomoni na watu wanaleta shahada kwa sauti, nani angenisikia?

"Ni nani huyu?" mtu akauliza.

"Rajabu, fundi wa turubai," akajibu Saidi, ambaye hujibu anachoulizwa na haongezi.

Sauti zikashuka. Kisha nikamsikia Mzee Athmani karibu na sikio langu, bega lake chini ya mti. "Rajabu? Ya Rabi. Na leo ndio nilikuwa nakuja kumjibu. Nimemchunguza huyu kijana, ana adabu, ana kazi ya mkono, sijaona kasoro. Zuhura nilikuwa nampa yeye."

Hapo niliacha kelele zangu, na wala sikuona haya kuziacha, kwa sababu nilitaka aendelee. Akaendelea, jamani, akanisifu mpaka sauti ikakatika na mzee wa watu akaanza kulia. Moyo ukaniuma, nikasema, "Ahsante, Mzee."

Sijui nani aliachia kwanza. Nilianguka, nikabingirika hadi mtaroni, watu wakatawanyika, mmoja akaacha kiatu, na dereva akapanda lori akafunga mlango. (Hakuna mshono hata mmoja ulioachia. Hilo muandike.) Juma akakata zile kamba, nikatoka na matope kichwani na kaptula ya kulalia, mbele ya wazee wote wa Bondeni.

Mzee Athmani akajifuta machozi. "Umeniliza mbele ya watu, Rajabu."

"Nisamehe, baba."

"Ulianza kusikia wapi?"

"Kwenye adabu."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakakohoa. Mzee akawatazama mmoja mmoja, akaona wote wamesikia kama mimi. "Haya," akasema. "Nimeshasema na siwezi kusema mara mbili. Vaa suruali tukaongee."

Tangu siku hiyo nalala kitandani, uso nje, hata baridi iwe kali vipi. Zuhura nilimwoa, na mkwe wangu tulikaa naye vizuri miaka mingi, lakini sifa hakunipa tena mpaka alipofariki. Siku nilipoweka bega kwenye jeneza lake, nilimsifu kwa sauti mpaka Bondeni yote ikasikia, halafu nikalitegea sikio hilo jeneza.