Nilifunga Plastiki, Mama Mkwe Akakata Migomba

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Ningekuwa kijana ningesema ni ujana. Lakini nina mvi, nina lisansi, yaani digrii, ya falsafa, na upumbavu huu niliufanya kwa akili timamu kabisa.

Miaka kadhaa iliyopita niligundua kwamba hapa Bunia hakuna anayenunua falsafa. Miche, ndiyo. Kila anayejenga anataka mti mbele ya nyumba. Nikajiandikisha kwenye chuo cha bustani nisomee maua, mboga na matunda, ili nije nifungue pepinyeri yangu, kitalu cha kuuzia miche, kando ya barabara. Nilikaa benchi moja na watoto wa rika la binti yangu. Waliniita Papa Profesa. Nilifurahi, masikini! Sikujua kwamba wananicheka.

Mtihani mkubwa ulikuwa grefe. Unachukua mche mchanga wa avoka, yaani parachichi, unaukata kichwa, unauunganisha na kijiti cha mti unaozaa vizuri, kisha unafunga kidonda kwa ukanda wa plastiki. Kijiti kikishika, mti huzaa mapema, tena matunda ya kujivunia. Wenzangu walikata na kufunga. Mimi nilikata huku nikiwahutubia. Vijiti vyangu vyote vikakauka kama njiti za kiberiti.

Sasa sikilizeni akili ya msomi! Nyuma ya banda kulikuwa na miche ya avoka ya kawaida, iliyoota yenyewe kutoka kwenye kokwa. Nikaichukua, nikaikwaruza gome kidogo, nikaifunga plastiki kama vidole vilivyoumia, nikaipanga kwenye safu yangu.

Siku ya kusahihisha, Madamu, mwalimu wetu, alisimama mbele ya safu hiyo. Plastiki haifunguliwi mapema, kwa hiyo hakufungua.

"Papa, yote imeshika?"

"Yote, Madamu."

"Hata mimi sijapataka vile!"

Darasa likapiga makofi. Nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu, mimi!

Uongo ule ungeishia chuoni. Lakini mke wangu alimsimulia mama yake, na mama mkwe wangu wa mtaa wa Mudzipela si mtu wa kusikia jambo akakaa; akaagiza miche yangu yote iende kwake. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na shamba dogo la migomba. Ndizi hizo ndizo zilizomsomesha mke wangu, na tangu mama afiwe na mumewe, ndizo zilizomlisha. Nilipofika na ile miche juu ya pikipiki, nilimkuta na panga mkononi.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninatosha ndizi, zitoke hapa. Avoka yako italala wapi? Banasema weye njo unapita bote kwa grefe!"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mgomba wa kwanza ukaanguka. Nikakohoa. Wa pili ukaanguka. Nikamwomba panga nimsaidie.

Ee Mungu wangu, nilimsaidia!

Miti ikakua. Ilikua bila haya! Avoka ya grefe ya jirani ilikuwa fupi, matawi yameinama kwa matunda. Ya kwetu ikapita paa la nyumba, majani matupu. Mama mkwe akawa anakwenda sokoni kununua ndizi, yeye aliyekuwa akiziuza.

"Mukwe, hii miti yako iko na kiburi," aliniambia. "Inaangalia mpaka Kasenyi, kule ziwani."

Akaita shemasi aje aiombee. Tukashikana mikono kuzunguka shina. Nilijibu Amina kwa sauti kuliko wote.

Maombi yalijibiwa, ila si upande wangu. Baada ya misa moja mama alikutana na Madamu, akamkaribisha nyumbani aone kazi ya mwanafunzi wake hodari, nami nikaitwa. Madamu akachuchumaa, akapapasa shina kuanzia chini, mahali ambapo kovu la grefe hubaki maisha yote. Akahamia mti wa pili, akapapasa tena. Akaniangalia.

"Papa Profesa, hii muti haijakatwaka hata siku moja."

Nilingoja matusi. Mama mkwe akasema tu, "Aksanti, Madamu," akaingia ndani kupika chai. Afadhali angenitukana!

Pepinyeri yangu? Ipo. Kibao kipo, miche ipo. Watu wa Mudzipela hunisalimia vizuri sana, kisha wanakwenda kununua kwingine. Jumamosi nachimba mashimo ya migomba mipya, napambana na mizizi ya avoka, na mama ameweka kiti chake pale ananiangalia. Amekaa kivulini. Kivuli, kusema kweli, ni kizuri.

Ninyi mnaosoma ufundi ukubwani, nawasihi: kijiti kikikauka, semeni kimekauka. Mwalimu atawapa sifuri, mtaona aibu wiki moja, basi. Mimi aibu yangu niliipanda ardhini na kuimwagilia maji!

Mwaka huu miti imezaa hatimaye. Kokwa kama ngumi, nyama yake nyembamba, maji na nyuzi tupu. Na kwetu mkwe hakatai sahani ya mama mkwe. Kila Jumapili ananiwekea avoka hiyo mbele yangu, ameikata vizuri, ametia na chumvi.

"Kula, mukwe wangu," ananiambia kwa upole. "Ndizi hakuna."