Sindano Ndani ya Eda

Mama alipata kisukari mimi sijavunja ungo, na kila alfajiri baba ndiye aliyemchoma sindano. Alifundishwa hospitalini, ng'ambo ya kivuko, akaifanya kazi yake peke yake. Hakutaka mtu mwingine aiguse. Alipofariki, miaka michache kabla ya uhuru, nyumba yetu ya Timbwani ilijaa watu, lakini hakuna aliyeuliza nani sasa atamchoma mama. Tulishughulikia sanda na ubani.

Mama akaingia eda, kwa mavazi meupe, katika chumba cha ndani. Alikuwa hajalia hata tone. Kutwa aliomba maji. Nikimpa kata moja ataka nyingine, na msalani hakuishi kwenda. Nikasema tumwite dresa wa zahanati. Mjomba akaruka: mwanamume wa kando haingii kwa mwanamke wa eda, awe na dawa ama hana. Nilimchukia siku ile, na shikamoo yangu niliitoa meno nimeyauma. Mama alipoanza kupepesuka, nilivuka kivuko bila kuomba ruhusa, nikarudi na nesi wa kike, mtu wa bara.

Nesi alichemsha sindano jikoni kwetu, akavuta dawa kwenye bomba, nami nikashusha pumzi. Kisha akamkabidhi mama.

"Mama, leo utajichoma mwenyewe."

"Wallahi siwezi. Kazi hino ina mwenyewe."

"Nitamchoma mimi," nikadakia.

"Na siku ukiolewa? Siku ukiugua?" Nesi hakunitazama hata kidogo.

Nikamwona hana huruma. Akachukua bomba jingine, akalijaza maji, akampa mama ajaribu kwenye chungwa. Mama akachoma vizuri tu, kisha akalirudisha.

"Chungwa halikufiwa," akasema.

Nesi akaketi mkekani, goti lake likigusa la mama.

"Bila dawa hii eda hutaimaliza, mama. Nikikuchoma leo, kesho mimi niko wodini na wewe uko hapa. Jaribu. Ukikosea, nitakushika mkono."

Akamtilia mama bomba la dawa kiganjani. Tukangoja. Jasho lilimtoka mama usoni, na ncha ya sindano ilicheza juu ya paja lake, ikikaribia na kurudi. Barazani mjomba alikohoa makusudi. Nilitaka kumpokonya mama sindano tuondoke katika adha ile, lakini nesi alinikazia macho mpaka nikaikalia mikono yangu. Niliogopa mama atakufa mbele yangu huku dawa anayo mkononi.

Akaishika nyama ya paja. Akachoma, akasukuma dawa polepole kama alivyoelekezwa, nesi hakumgusa. Akachomoa, akabaki kulitazama lile bomba tupu.

"Kumbe kweli amekufa," mama akasema, na ndipo machozi yakamtoka.