Jina Kwenye Mlango wa Lori

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja birika la mteja Mzungu hata kabla ya chai ya saa nne, nikajua nimefutwa. Nilikuwa mgeni Nairobi, nimetoka Kitui na viatu vya mama yangu miguuni. Kampuni ile ya kuhamisha watu kule Industrial Area ilikuwa imeniandika kufunga vyombo vya udongo na glasi, kwa sababu waliamini wanawake wana mikono myepesi. Msimamizi wa yadi, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, alikuja akatazama vigae.

"Unajua ni kwa nini imevunjika?"

"Imeanguka," nikajibu.

"Haikuanguka. Uliiachia nafasi ya kucheza. Kitu ikipata nafasi ya kucheza ndani ya lori, haifiki."

Hakunifuta. Alinipa rundo la magazeti ya zamani, na kutwa nzima nikafunga vikombe mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino. Nilirudi nyumbani Laini Saba, kule Kibera, nikiwa na furaha ya mtu aliyepandishwa cheo. Tangu hapo kazi ile iliniingia damuni, na nyinyi mnaodhani kuhamisha watu ni kubeba tu, ngojeni niwaambie.

Mzigo hupakiwa kuanzia kichwani, yaani pale nyuma ya kibanda cha dereva. Vizito hutangulia huko. Friji husafiri wima. Magodoro hayakunjwi na kuwekwa kando, hutumiwa kuziba kila pengo. Turubai hufungwa kutoka mbele kurudi nyuma, ili upepo upite juu yake badala ya kuingia chini na kulipeperusha. Nilipelekwa tawi la Mombasa, nikarudishwa Nairobi, nikafanywa msimamizi wa upakiaji. Wanaume fulani walikataa kuamrishwa na mwanamke. Niliwaacha wapakie wenyewe safari moja ya Nakuru, wakafika na kabati la mteja likiwa kuni, na baada ya hapo tukaelewana vizuri sana.

Juu yetu sote alikuwa Meneja wa Usafirishaji, bwana mkavu aliyevaa tai hata kwenye joto. Wateja walipouliza kama wanunue lori lao au wakodi, alikuwa na jibu moja. "Waambie wakodi," alituagiza. "Lori ya kununua inakula hata ikiwa imelala." Akahesabu gharama kwa vidole: tairi, bima, leseni, dereva, na safari ya kurudi tupu. Maneno hayo niliyashika kama sala, nikawaambia watu kwa miaka mingi bila kujiuliza mara mbili.

Kisha uchaguzi wa mwaka 2007 ukaharibika. Mwaka mpya ulipoingia, kampuni ilifunga geti na kutuambia tungoje simu. Laini Saba reli iling'olewa, vibanda vikachomwa, na majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana wanatoka wapi. Sisi Wakamba wa Machakos na Kitui tulikuwa tumeanza kutazamwa kwa jicho baya. Mdogo wangu Kavata alikuwa na chumba chenye cherehani sita, alizozipata moja moja kwa miaka, na humo alifundisha wasichana wa mtaani kushona. Kila jioni alikuwa akizifunga kwa mnyororo pamoja, kama mbuzi.

"Mimi naweza kaa," aliniambia. "Lakini hizi mashine zikienda, narudi kufulia watu nguo huko kwa maghorofa ya Highrise. Na hawa wasichana waende wapi?"

Jamaa zetu wa chama chetu cha kuweka akiba, karibu wote wa Ukambani, walikutana kanisani. Shabaha ilikuwa moja: kufikisha vyombo vya kila mtu Kitui mpaka mambo yatulie, cherehani zikiwa za kwanza. Baadhi walisema tutoe akiba ya chama, tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya kinu cha posho cha kusagia mahindi, tununue lori. Nikasimama. Niliwapa somo la tairi, bima, leseni, dereva na kurudi tupu, kidole baada ya kidole. Niliongea kama Meneja mwenyewe, na nilijipenda sana siku hiyo. Wakapiga makofi, wakakubali tukodi.

Ila lori la kukodi halikupatikana. Mwenye lori wa kwanza alikataa, wa pili akazima simu. Akabaki Mzee Karanja wa Kawangware, mwenyeji wa siku nyingi, mwenye ploti na nyumba za kupangisha, ambaye lori lake lilibeba mawe ya kujengea. Kampuni yetu ilikuwa ikilikodi kazi zikizidi, kwa hiyo tulifahamiana. Nilikwenda na Kilonzo, dereva wetu wa zamani wa kampuni, mtu mwangalifu ambaye huendesha gari kana kwamba amebeba bibi harusi. Tulitembea kwa miguu tukipita kando ya Soko la Toi, ambapo mabanda ya mitumba yalikuwa yamebaki majivu na mabati yaliyojikunja.

Mzee alitukaribisha, akatuuliza habari za nyumbani, kisha akatupeleka nyuma ya ploti. Alinyoosha kidole tu kwenye mlango wa lori.

Labda vijana wa leo hamlitilii maanani jambo hili. Lori la mizigo huandikwa mlangoni jina la mwenyewe na mahali anapotoka. Pale paliandikwa kwa herufi nyeupe, kubwa, nadhifu: KARANJA NA WANAWE, KAWANGWARE. Na siku zile vijana waliofunga barabara walikuwa wamejifunza kusoma milango, wajue kabila la mwenye gari.

"Mama, nikikukodishia, ni mimi nimeenda Kibera," alisema. "Wewe utakuwa umekaa huko ndani, lakini ni mimi watasoma."

"Tupake rangi juu, Mzee."

"Lori yangu iende na jina ya mtu mwingine? Polisi wakiuliza, niseme nini? Ikichomwa, bima niwaambie nini?" Akaugeukia mlango. "Hii gari haijatoka hapa tangu Krismasi. Imefungiwa na jina yangu mwenyewe."

Niliona ameumia, na mimi pia nikaumia. Nikamuuliza, basi tufanyeje.

"Nunua," akasema.

Nilihisi hesabu yangu yote ikigeuka juu chini. Meneja alikuwa amenifundisha habari za tairi na bima, akasahau kwamba anayekodi lori hukodi na jina lililo mlangoni. Lori la kukodi lisingeivuka hata Highrise. La kununua lingeweza kuandikwa tunavyotaka sisi. Na nasema kweli, chini ya ile hofu yote nilifurahi. Miaka yote nilikuwa nimepakia malori ya watu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nalitamani langu.

Kanisani walinicheka mpaka nikatafuta pa kujificha.

"Si juzi ulisema lori inakula ikilala?" Kavata akauliza mbele ya watu wote.

"Hii haitalala," nikamjibu. "Nitaifanyia kazi mpaka iombe likizo."

Walinung'unika, wakakumbushana kinu cha posho, mwishowe wakasema nikikosea nitawasagia mahindi kwa mkono maisha yangu yote. Nikakubali. Kilonzo alilala chini ya lori akakagua mpaka nati, akasikiliza injini akiwa amefumba macho, akasema inafaa. Bei hatukuivuta sana. Mzee alitia sahihi logibuku, hati ya umiliki wa gari, juu ya boneti, kisha akatushangaza: alipanda mbele akaketi kati yetu. Upande wa Kawangware watu walimjua, akasema, na jina lile lingetufikisha Ngong Road salama. Zaidi ya hapo tungejua wenyewe. Lakini hakushuka Ngong Road. Alikaa, jasho likimtoka, mpaka tukaegesha kwenye geti la Nyayo Highrise, mbele ya mabawabu.

Hapo ndipo watu wetu walipokuwa wakifika na mikokoteni kutoka Laini Saba, na hapo alikuwa akitungoja Otieno mchoraji na kopo lake la rangi ya buluu. Otieno ndiye aliyeandika karibu kila kibanda cha Laini Saba, kuanzia vinyozi hadi makanisa. Tatizo likawa jina. Jina la chama ni la Kikamba. Kilonzo alijitolea lake, tukamwambia lake ndilo baya zaidi, kwa kuwa lilitaja Ukambani kabisa. Kila jina tulilotaja lilikuwa na kwao.

"Mathe, si muandike tu Laini Saba?" Otieno akaniambia, akiniita mama kwa lugha ya mtaani. "Si hapo ndio mnatoka?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumekaa pale miaka na mikaka, tumezaa, tumezika, na hakuna aliyekuwa amelifikiria. Otieno akatoa kisu akwangue herufi za zamani. Mzee Karanja akamshika mkono.

"Usikwangue. Paka juu tu."

"Itabanduka, Mzee."

"Wacha ibanduke. Bora isiwe leo."

Otieno akipaka, mimi nilipakia, na sijawahi kupakia vile tena. Cherehani sita kichwani, kila moja imevaa godoro. Kabati, vitanda, masufuria ndani ya masufuria, mitungi, picha za harusi zikiwa katikati ya blanketi. Wanaume walikuwa wakinipokeza, nami niko juu naita, "Hapo, sukuma, geuza, leta kitu laini," na hakuna aliyebisha. Nilipofunga fundo la mwisho la turubai, lori lilikuwa limejaa hata sindano isingecheza. Kavata alipanda nyuma juu ya magodoro pamoja na wazee na watoto. Mzee Karanja alinipa mkono, akaondoka akipitia ndani ya estate.

Tulikuwa hatujaingia hata barabara ya Mbagathi tulipokuta mawe na gogo, vitu ambavyo havikuwapo tulipokuja. Vijana wakalizunguka lori. Mmoja aliyevaa kofia ya sufu alikuja upande wangu, akaweka kiganja mlangoni, akakitoa kikiwa buluu.

"Hii rangi ni ya leo," akasema.

Mimi niliwaza cherehani zile kichwani, chini ya kila kitu, mahali ambapo haziwezi kutolewa kwa haraka hata kama kungewaka moto.

"Gari ni ya nani?"

"Soma," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Nimesoma. Lakini ni mbichi."

Akarudi hatua moja, akainamisha kichwa, akaitazama ile herufi ya S. Otieno alikuwa na S yake, yenye mkia mrefu uliojikunja, na haikuwapo mahali pengine Nairobi nzima.

"Hii S ni ya Otis," kijana akasema. Akawaita wenzake. "Cheki. Si ni ya Otis?"

Wakaja, wakasoma tena, mmoja akasema hata kibanda chao cha kinyozi kimeandikwa hivyo. "Otis hawezi andikia mtu kama si wa mtaa," akasema. Yule wa kofia akafuta mkono kwenye suruali.

"Mathe, mnahama kabisa ama mtarudi?"

"Tutarudi," nikasema, na lafudhi ya kwetu ikajisema yenyewe.

"Basi mkirudi muniletee asali ya Kitui."

Wakavuta gogo. Kilonzo, mwendesha bibi harusi, alikanyaga mafuta mpaka nikashika dashibodi. Tulipoingia barabara ya Mombasa mtu alianza wimbo wa kanisa kule nyuma, na tulipopita Athi River lori zima lilikuwa likiimba. Nilikuwa mama mzima na nilitoa kichwa dirishani kama mtoto. Tulifika Kitui, tukafungua turubai, na hakuna hata kikombe kilichopasuka. Kavata alikaa kwenye cherehani ya kwanza pale pale uani, akashona kitambaa kisicho na kazi yoyote, ili tu ausikie mlio wake.

Viongozi walipopatana, tulirudi na lori lile lile. Cherehani zikaingia chumbani kwao, wasichana wakarudi, na kijana wa kofia nikampa asali yake. Aliipokea kwa aibu kidogo. Kampuni iliponipigia simu nilimwambia Meneja nina gari langu na chama. Akauliza, "Inakula?" Nikamwambia inakula, lakini inafanya kazi. Lori lilihamisha watu wa kila kabila, na kinu cha posho kikapatikana pia.

Nimestaafu sasa, magoti yamegoma. Vijana huniuliza wanunue au wakodi. Huwaambia wafanye hesabu ya tairi na bima kama wanavyofundishwa, wakimaliza waende wausome mlango.

Siku yangu ya mwisho kazini nilimwomba Kilonzo anipeleke Kawangware. Buluu ilikuwa imebanduka kama Otieno alivyosema, na kwa muda mrefu nilikuwa nimekataa ipakwe upya. Mzee Karanja, aliyekuwa amezeeka sana na anatembea kwa fimbo, aliletwa mpaka kwenye mlango wa lori. Katikati ya LAINI SABA herufi nyeupe zilikuwa zimetokeza, KARANJA kwanza, kisha NA WANAWE. Alizipitishia kidole moja moja.

"Na hamsimamishwi?" akauliza.

"Siku hizi hakuna anayesoma, Mzee."

Alicheka kidogo. Kisha akanipa fimbo nimshikie, akafungua mlango ule, akapanda akaketi mbele.

"Nipeleke Laini Saba," akasema. "Nikanywe chai kwa Kavata."