Viazi vya Dalia

Bogumił Wrona alikuwa mbishi wa kuzaliwa, na majira yale ya baridi ubishi wake wote aliuweka kwenye jambo moja: mwezi wa Mei, bustani yao ya nje kidogo ya Lublin itakapofunguliwa, mkewe Wiesława angesimama kwenye meza ya mauzo kama alivyosimama miaka thelathini na mmoja. Binti yao Kinga hakutaka kusikia. Mwaka jana mama alimpa mteja miche isiyo yake, na mwingine akamwita kwa jina la dada yake mwenyewe aliyefariki. Mwishowe baba na binti wakakubaliana, bila kumshirikisha mwenyewe, kwamba apewe kazi ya dalia. Akiimaliza salama, mezani atasimama.

Kazi hiyo Wiesława angeweza kuifanya hata usingizini. Viazi vya maua hayo hung'olewa kabla ya barafu kushika, vikalazwa kwenye mboji katika ghala chini ya nyumba. Februari hutolewa, vikakatwa, na kila kipande kikaandikwa jina la ua lake ubavuni kwa penseli. Jina likipotea umekwisha, maana dalia nyekundu na nyeupe zote zina kiazi kilekile cha kahawia, na hakuna atakayejua ipi ni ipi hadi Agosti zikichanua.

Jumamosi asubuhi Bogumił alimwacha jikoni na makreti sita, akaenda kuziba banda la plastiki lililochanwa na theluji. Mara mbili alikuja kuchungulia dirishani. Mkewe alikuwa ameinamia beseni, anaimba. Moyo ukamtulia, akarudi kwenye banda lake huku akijipongeza kwamba safari hii binti yake kashindwa.

Saa sita alipoingia, alikuta viazi vimepangwa mezani, safi, vinang'aa. Wiesława alikuwa amevisugua vyote kwa brashi, hata vile alivyoviandika mwenyewe juzi. Halikusalia jina hata moja. Na juu ya jiko sufuria ilikuwa inachemka, vingine vimo ndani.

"Viazi vya mwaka huu vina udongo, mzee," alimwambia. "Vimenitoa jasho. Haya, nawa mikono, Kinga yuko njiani."

Bogumił akanawa. Angefanya nini? Kumfokea hakuweza, kumwambia ukweli hakuthubutu. Aliwaza kuyaficha makreti, lakini gari la Kinga lilikuwa limeshaingia uani.

Kinga aliona makreti matupu, kisha sahani za viazi vyenye siagi na maziwa mgando, akamtazama baba yake. Baba akainamisha macho, akaanza kula. Vilikuwa vigumu, na ladha yake kama figili iliyosahaulika shambani.

"Vimeiva vizuri, mama," akamwambia mkewe.

Binti, aliyekuwa amekuja na maneno yake tele, akavuta kiti, akachukua uma, naye akala. Msimu mzima walikuwa wamegombana, na sasa walikuwa upande mmoja.

Wiesława aliketi mwisho, kama kawaida yake. Akaonja, akatafuna taratibu, kisha akakitoa kile kipande mdomoni na kukitazama kiganjani. Akageuka akayaangalia makreti. Bogumił alimwona anavyoelewa, kidogo kidogo, na hakuwa na la kufanya.

"Hizi ni dalia," alisema.

Akamgeukia binti yake.

"Kinga, ulijua?"

Kinga aliitikia kwa kichwa.

"Na wewe, mzee? Ulijua, halafu ukaniambia vimeiva vizuri?"

Bogumił bado alikuwa na kipande mdomoni. Alishindwa kukimeza, na kukitema mbele yake hakuweza.

Wiesława alikusanya sahani zao moja juu ya nyingine, polepole.

"Mei asimame Kinga mezani," alisema. "Mimi nikikosea mbele ya watu, nyie mtanyamaza tu."