Rubani wa miaka kumi na mbili

Leo nimemrudishia baba yangu zawadi mkononi, na bado nina hasira.

Ametoka Dar asubuhi hii, mabegi bado yako mlangoni hapa nyumbani kwetu, Rebero.
Akanipa kitabu cha saba cha wale watoto wanaorusha chombo angani.
Tayari amekitia kava la kaki na kuandika jina langu juu, kama daftari la shule ya msingi.

Jamani, nina miaka kumi na sita.
Nilianza kuwasoma nikiwa na kumi na moja, rubani wao ana kumi na mbili. Leo bado ana kumi na mbili, na bado anaokolewa ukurasa wa mwisho.

Nikasema, "Baba, hiki ni cha watoto."
Akakichukua, akakaa sebuleni kukisoma mwenyewe.

Roho ikaniuma. Nikainuka nikamwombe radhi.
Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Mwanangu, huyu rubani ndo nani?"

Ndo nani.
Miaka mitano namsimulia huyo rubani kila tukikaa mezani, na yeye anaitikia "yego, yego," yaani ndiyo, ndiyo.

Sasa niambieni, radhi niombe mimi au aombe yeye?