Gitaa Chini ya Kitanda cha Metrine

Metrine Nasimiyu hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Madam wake wa kwanza alimnyang'anya simu, wa pili akamnyima ikama, kibali chake cha kuishi, na bado mdomo wake haukupungua makali hata kidogo. Lakini asubuhi moja huko Jeddah alisimama mlangoni mwa chumba chake, ufagio mkononi, nywele zikamsimama. Chini ya kitanda gitaa lilikuwa likinguruma, na hapakuwa na mtu.

Gitaa lenyewe ni yeye aliyelificha pale. Lilikuwa la maiti.

Mambo yalianzia Riyadh. Kafili wake, yaani mdhamini na mwajiri, mwenye hoteli, alimweka fleti ya mtaa wa Malaz awapikie wanamuziki wawili, Mzee Wendelin na mdogo wake, Wasinti wa Ujerumani. Wasinti ni watu ambao wazee wao walizunguka Ulaya kwa magari ya farasi, magitaa na fidla zimelala humo pamoja na sufuria na mablanketi. Jazi yao ilikulia humo, haitaki ngoma. Mmoja anakimbiza vidole, mwenzake anakata nyuzi chap, chap, chap, na hiyo ndiyo ngoma yenyewe. Mkataji alikuwa huyo mdogo mtu.

Metrine aliipenda hiyo chap. Babake, marehemu Makokha, alipiga gitaa kule kwao Kimilili, na Metrine akiwa mtoto ndiye aliyemgongea chupa ya soda kwa msumari. Makokha alipofariki ndugu waligawana vitu. Gitaa likaenda kwa ami, na ami akaliuza, akalinywa lote kwa mama pima, muuza chang'aa.

Lugha ya Wasinti hakuigusa. Siku moja alirudia neno alilolisikia mezani, kwa mzaha tu, na Mzee Wendelin akaweka kijiko chini.

"Hilo si lako, mama. Wakati wa vita walikuja watu kwa nyanya yangu, wakajifunza lugha yetu, wakacheka na sisi. Wakaandika nani ni mtoto wa nani. Halafu malori yakaja kuwabeba, wasirudi."

Metrine akaondoa sahani, na neno lile hakulirudia tena.

Kisha mdogo mtu akaanguka jikoni. Moyo ulisimama, halas, basi. Mzee alisafiri kumzika, akarudi kumaliza mkataba, na neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa kwamba jina la ndugu yake lisitamkwe tena humo ndani. Ndiyo maana hata hapa halikutajwa. La pili: nguo zake, kikombe chake, gitaa lake, vyote vichomwe. Vikibaki, naye marehemu anabaki, haendi.

Danson, dereva, alitumwa akavichome Al-Sulay, pembeni mwa mji, nyuma ya maghala. Alirudi kwa Metrine na kitu kimefungwa kwa shuka.

"Nguo nimechoma. Lakini hii, sista, ni kama kuchoma ng'ombe mzima."

"Lete. Na ufunge mdomo."

"Mzee akijua?"

"Atajuaje? Kwani utamwimbia?"

Alitaka limfikie mwanawe Kevin kule nyumbani. Kevin amerithi jina la babu, na kwao marehemu huitwa kila siku, hata kwa kugombezwa: Makokha, mbona hujaosha miguu! Metrine hakuona kwa nini mtu afe halafu hata gitaa lake life.

Kisha bosi mwenye hoteli akawahamishia Jeddah, gitaa likisafiri limefichwa katikati ya spika. Na sasa Mzee alikuwa akifanya mazoezi sebuleni, upande wa pili wa ukuta, na kila akigonga noti fulani, chini ya kitanda kitu kinaitika.

Metrine alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya nyuzi. Zikanyamaza. Ni nyuzi tu. Hata la babake lilikuwa likiitika gitaa la jirani. Alijua hivyo, na bado hakuondoa kiganja mpaka Mzee alipomaliza.

Lakini Mzee naye alikuwa amesikia. Aliacha kula. Hotelini hakwenda, bosi akapiga simu mpaka akachoka. Siku ya tatu Metrine alimkuta ameegemeza sikio ukutani.

"Nilichoma vyote," akasema. "Mbona haendi? Nimemkosea nini?"

Angeweza kumdanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu kabisa. Lakini macho ya Mzee yalikuwa ya mtu anayeomba ruhusa ya kulala. Metrine akaingia chumbani, akatoka na shuka.

"Si Danson. Ni mimi. Nilitaka limwendee mtoto wangu."

Mzee hakufoka. Aliligeuzia mgongo. "Juu," alisema tu.

Walilichoma juu ya paa la jengo, ndani ya pipa lililokatwa. Mbao zilishika moto haraka. Nyuzi zikakatika moja moja, kila moja na sauti yake, na mabega ya Mzee yakashtuka kila mara.

"Na la baba yako, ulilonihadithia, lilichomwa?"

"La babangu lilinywewa, Mzee."

Akacheka, kicheko kibovu kilichoishia kwenye kikohozi.

Kesho yake Mzee alipiga tena. Katikati ya wimbo akasimama, sikio kwa ukuta. Kimya. Jikoni, Metrine alikuwa ameshika kijiko juu ya chupa ya siki, na mkono ulijua kabisa pa kushukia, kama enzi za chupa ya soda. Hakuushusha. Nafasi ile ya mkataji haikuwa yake.

Mzee alingoja kidogo zaidi, kama mtu aliyebisha hodi. Kisha akaendelea peke yake, na kila palipotakiwa chap, akapaacha wazi.