Ungo wa Babu Deusi: nilivyojifunza logic Sumbawanga kwa vizibo vya soda

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mwenye haraka apite tu, mimi nitaandika taratibu maana kuna sehemu bado inaniuma.

Nimezaliwa Muheza, mkoani Tanga, ila tangu nimalize form four sijawahi kukaa mahali miaka mitatu ikatimia. Kazi ilipoisha Kigoma nikapanda boti la mizigo kushuka ziwa Tanganyika hadi Wampembe.

Pale nikadandia Fuso la migebuka. Tukapandisha milima, tukalala Namanyere, kesho yake Sumbawanga. Nilifika nanuka samaki huku natetemeka kwa baridi. Aliyekaa Ufipa mwezi wa saba ananielewa.

Nikapata kazi kwenye mashine ya kusaga, nikapanga chumba mtaa wa Kizwite.

Nyumba ya pili aliishi Babu Deusi, peke yake. Mkewe alishafariki, watoto wako mbali. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, akastaafu.

Kila saa kumi jioni alitoa ungo barazani, juu yake amepanga vizibo vya soda, vyekundu na vyeupe. Siku moja nikamwamkia, akaniita.

"Mtanga, kaa hapa. Sheria ni moja. Kila kizibo chekundu kina punje ya hindi chini yake. Umeelewa?"

"Nimeelewa, babu."

"Geukia ukutani."

Nilipogeuka tena, kizibo kimoja alikuwa amekifumbata, punje yake imebaki kwenye ungo.

"Hiki kilikuwa na punje. Rangi gani?"

"Chekundu."

Akafungua kiganja. Cheupe.

"Babu, hiyo rafu!"

"Rafu iko wapi? Nimesema vyekundu vina punje. Vyeupe nilivitaja?"

Akacheka mpaka akakohoa.

Wakuu, hesabu nilipata F. Lakini nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Nikaanza kuona. Kizibo kisipokuwa na punje, hakiwezi kuwa chekundu, hiyo ni uhakika. Kikiwa na punje, bado hujui kitu. Siku nilipolisema hilo mwenyewe, alinipigia makofi kama mtu anayepokea mgeni wa heshima.

Aliniambia miaka yote aliyoandika maneno ya mashahidi, waongo hawakumsumbua sana. Waliomsumbua ni wakweli wanaoruka hatua.

(Baadaye niliona kwenye simu kwamba wasomi huliandika jambo hili kwa mshale, P kwenda Q. Mshale una ncha upande mmoja tu.)

Alikuwa na sheria nyingine pia. "Mtanga, nikinuna, ungo hautoki nje. Ukiuona ungo, jua tuko sawa."

Jumapili moja nilitoka kazini nimegombana na bosi. Nikakaa kwenye ungo, babu akanifunga mara nne mfululizo huku anacheka. Nikausukuma ungo, vizibo vikatapakaa uani.

Nikamwambia, "Haya ni mambo ya watoto. Ndiyo maana wanao hawaji kukuona."

Aliinama akaanza kuokota kimoja kimoja. Sikumsaidia.

Jumatatu jioni, ungo haupo. Nikasema moyoni, mzee kanuna. Nilipita hatua tatu kutoka mlangoni kwake, sikupiga hodi. Niliona aibu, na kiburi pia kilikuwepo.

Jumanne, haupo. Nikasema, huyu mzee ana kinyongo kweli.

Jumatano asubuhi Mama Skola, jirani wa nyuma, akanifuata.

"We Mtanga, babu yako yuko wapi? Kuku wake wanashinda kwenye ulezi wangu."

"Kaninunia, mama."

"Kakununia wewe, na kuku je? Jumatatu mchana kaja kwangu kuomba chumvi, anaimba. Tangu hapo sijamsikia hata kukohoa."

Tukavunja mlango.

Alikuwa sakafuni, mdomo umepinda, anapumua kwa shida. Ungo ulikuwa umepinduka karibu na mlango. Vizibo na punje vimesambaa mpaka chini ya kiti.

Alikuwa anautoa nje.

Hospitali daktari aliniuliza, "Mzee ameanguka lini?" Mama Skola ndiye aliyejibu.

Babu alifariki siku ya pili bila kusema neno. Sijui kama angeokoka tungemwahi Jumatatu. Daktari hakusema, nami sikuthubutu kuuliza.

Ninachojua ni kwamba alinifundisha kosa moja kwa miezi mitano, nikalielewa, nikalicheka, halafu nikalifanya juu yake. Alisema akinuna ungo hautoki. Hakusema ungo usipotoka amenuna.

Wanawe walikuja kuzika. Matanga yalipoanuliwa niliaga kazini, nikabeba begi. Nilipita kwa Mama Skola kumuaga. Alikuwa anapeta ulezi kwa ungo ule ule, nikamwachia. Nikapanda basi la Mbeya na sijarudi tena Sumbawanga. Nimehama miji mitatu tangu siku ile.

Wakuu, kama kuna mtu kakukalia kimya na wewe umeshaamua sababu, nenda kagonge mlango leo. Akikutukana, angalau utakuwa umemsikia.

Na wewe, uliwahi kuruka hatua kama mimi? Andika hapo chini, hata kwa ufupi. Nitasoma zote.